Mikono ya Mkokoteni

Mume wangu hakuwa mtu wa kuomba. Mashine ya kukamua mkonge ilipomtafuna mguu, Mzungu wa shamba alimwambia apumzike. Alipumzika siku chache tu, kisha akaanza kuchora mkokoteni kwa mkaa kwenye ukuta wa chumba tulichopanga hapo Lindi. Kwa mkokoteni huo ningeuza uji na mihogo mbele ya lango la shamba. Nisipouza, turudi kwetu Mtama, naye kwa miguu hafiki.

Hatukununua kitu. Magurudumu yalitoka kwenye toroli bovu la shambani. Debe la mafuta ya taa nililitoboa likawa jiko. Mbao za juu niliziokota mwenyewe kwenye jalala la pwani: za mvule, nyeusi kwa uzee, zimeungwa kama kitanda, zina mikono minne tayari. Miwili tukaikata, miwili tukaiacha ya kusukumia. Tuliisifu sana ile mikono. Ilikuwa laini kwa kushikwashikwa.

Asubuhi ya kwanza wanaume walisogea na vikombe vyao, wakatazama, wakarudi nyuma. Uji ukapoa. Aliyenihurumia ni mlinzi wa lango, mzee wa pale pale mjini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbao hizi umezipata wapi?"

Nikamwambia.

"Hili lilikuwa jeneza la msikiti wetu, kabla hatujapata jipya," akasema taratibu. "Mkono huo ulioukamata, niliushika mimi nikimpeleka mke wangu."

Sisi ni Wakatoliki wa bara. Kwetu jeneza huzikwa pamoja na maiti wake. Sikujua kama kuna watu hubeba wafu wao wote kwa jeneza moja, wakalirudisha, wakalibeba tena. Niliona aibu, kisha hasira, na hasira nikammwagia mume wangu, ambaye hakuwa na kosa. Uji wangu hakuna aliyeutaka tena, hata nilipoupika nyumbani na kuubeba kichwani.

Kidonda kikaanza kunuka. Nikamlaza juu ya mkokoteni, nikaishika ile mikono, nikashika njia ya Mtama. Siku ya kwanza alikuwa akinielekeza nikwepe mashimo. Siku ya pili aliniomba radhi, mara mbili, wala hakusema ya nini. Siku ya tatu hakusema kitu, nami sikusimama kumwangalia. Nilisukuma tu mpaka nyumbani kwao.