Ua la Bahari na Chumvi ya Mbuzi

Siku aliyofariki mume wangu, ua la bahari lilikuwa limejifunga tangu asubuhi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, si kwa sababu najua maana yake.

Kila nilipoenda kumwona hospitalini aliuliza kitu kimoja, hata kabla ya salamu: "Limefunguka?" Nami nilimwambia ukweli. Siku nyingi nilisema limefunguka. Siku ile nikasema limejifunga, limejikunja kama ngumi. Akasema, "Litafunguka." Nikarudi nyumbani kumchukulia shuka safi. Simu ikanikuta nikiikunja.

Watu wengi wa huku Meru hawajamwona mnyama wa aina hiyo, kwa hivyo nieleze. Mume wangu alikuwa fundi wa friji. Alifanya kazi hoteli moja ya Pwani kwa miaka mingi, na aliporudi tukaishi pamoja hapa karibu na Makutano, alikuja na tangi la kioo, pampu, taa, hita ya kupasha maji joto, na ndani ya mfuko wa maji, mnyama anayefanana na ua. Halina uso wala macho. Lina mguu mmoja wa kushikilia jiwe, mdomo katikati, na vidole vingi laini ambavyo ukivigusa vinanata. Jioni alikuwa anakaa kwenye kiti chake kando ya kioo, na ua linanyoosha vidole upande wake. Nikikaribia mimi, linabaki vile vile. Nilikuwa namwambia, "Huyu ni mke wako wa Pwani." Alikuwa anacheka sana.

Wiki ya mazishi nyumba ilijaa akina mama wa kanisa. Wengine walikaa karibu na tangi wakichambua maharagwe ya githeri.

"Hii ni mboga ama ni mnyama?"

"Ni mnyama."

"Anakula nini?"

"Vipande vya samaki."

"Wui! Yeye samaki, na sisi githeri!"

Wakacheka, halafu wakakumbuka wako kwenye matanga, wakanyamaza. Katika ukimya ule pampu ikasikika, ikivuta na kutoa. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Ni nani anapumua hivyo?" Hakuna aliyecheka tena.

Tulimzika kwao, Gachoka. Niliporudi, mama mkwe alikuja nami ili nisikae peke yangu. Yeye ni Mmbeere, mimi ni Mmeru. Tukitaka kuelewana vizuri tunaongea Kiswahili. Ni mfugaji wa mbuzi, na macho yake yameanza kuingia ukungu.

Tulipofungua mlango niliangalia tangi kwanza. Jiwe lilikuwa tupu. Nikalikuta ua kwenye kioo cha nyuma, limenywea, rangi imefifia, mdomo umeachama. Miaka yote sikuwahi kuliona likihama. Asubuhi iliyofuata lilikuwa mahali pengine, na iliyofuata mahali pengine tena, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya nyumba ambayo wenyewe wamelala. Na kila mara lilikuwa limesogea kidogo upande wa kile kiti.

Nilimpigia simu rafiki mmoja wa mume wangu huko Pwani, anayefuga maua kama hayo.

"Maji yamepungua?" akauliza.

"Yamepungua."

"Basi shemeji, hapo ndipo pa kuanzia. Maji yakikauka, chumvi haiendi popote. Inabaki, na hayo maji yanakuwa makali. Ongeza maji ya mvua, polepole. Funga sifongo kwenye mdomo wa pampu, lisije likavutwa humo. Na usilisumbue kwa chakula."

"Nitajuaje kama limekufa?"

"Utasikia harufu. Ukiisikia, litoe upesi, litaoza na kuharibu maji yote."

Basi kila asubuhi, kabla ya chai, nilikuwa nainamia maji na kunusa. Sikuwa nataka kitu kingine duniani ila liishi. Mume wangu alisema litafunguka, na hilo lilikuwa neno lake la mwisho kwangu. Kama ua lingekufa, hata hilo lingekuwa limeondoka.

Mama mkwe alikuwa ananiangalia nikinusa.

Siku moja mvua ilinyesha mchana, nikatoka kukinga maji kwenye beseni. Niliporudi nilimkuta amesimama kwenye tangi, mkono bado juu ya maji, akiongea Kimbeere kwa ile sauti anayomsemeshea mwanambuzi mgonjwa. Pembeni palikuwa na pakiti aliyonunua kwa agroveti, duka la dawa za mifugo, apeleke nyumbani. Unga wa rangi ya udongo ulikuwa unashuka polepole ndani ya maji.

"Mama, umeweka nini?"

"Chumvi, mwanangu. Si huyu ni mnyama wa chumvi? Mbuzi akinyong'onyea hivi nampa hii. Jioni anasimama."

Nikageuza pakiti nikasoma. Kati ya madini yaliyoandikwa, palikuwa na shaba. Mume wangu alikuwa akishinda siku nzima akichomelea mabomba ya shaba ya friji, na hakuwahi kugusa yale maji kabla ya kunawa mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anasema, "Shaba inaliua hili."

"Mama, hii ina shaba. Inamuua."

Akautazama mkono wake. "Nimemuua huyu wa mwanangu?"

"Sijui bado," nikasema.

Tuliuvuta ule unga kwa mpira wa maji kutoka chini ya tangi. Tukatoa maji ndoo baada ya ndoo, tukayamwaga njiani, mbali na mboga zetu za sukuma wiki. Nikakoroga mengine kwa maji ya mvua na ile chumvi maalum aliyoiacha mume wangu, nikayapasha joto, nikayapima kwa kipimo chake. Kesho yake tukabadilisha tena, na kesho yake tena. Ndoo alizibeba Mama. Nilimwambia apumzike, akakataa. Ua lilitoa ute mdomoni, likajikunja mpaka likawa dogo kama kifundo. Nilinusa. Lilinuka bahari tu.

Halafu alasiri moja, Mama aliweka ndoo chini akaketi kwenye kile kiti. Hakuna aliyekuwa amekikalia tangu mwenyewe aondoke. Nilitaka kumzuia, nikashindwa. Alikuwa amechoka. Aliegemea, mkono ukalala kando ya kioo, pale pale ambapo wa mwanawe ulikuwa unalala. Wana vidole vinavyofanana. Sikuwahi kuona kabla.

Ua lilikuwa limejibana kwenye kioo upande huo. Kidole kimoja kikatoka, kifupi, cheupe. Kikatoka kingine. Vikaendelea kutoka, vyote vikielekea ule mkono. Yule rafiki aliniambia baadaye kwamba pembe ile maji yanapita vizuri, na ndiyo sababu. Namwamini.

Mama hakugeuka. Akauliza, "Limefunguka?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote alichokuwa akiniuliza mume wangu hospitalini. Huenda aliuliza tu kwa sababu haoni vizuri. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini siku ile nilisimama mlangoni na beseni mkononi, pampu ikivuta na kutoa.

"Limefunguka," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyekuwa anangoja jibu hilo kutoka mbali.