Makopo ya Ngazini

Ko, ko, ko! Ndivyo msumari ulivyolia fundi cherehani alipotoboa chini makopo yake ya kupandia pale ngazini, kwa hasira, baada ya mnanaa wake wa kwanza kuozea majini. Wa pili aliupima kila asubuhi kwa tepu yake ya shingoni, pini zikiwa midomoni, kana kwamba anampima bi harusi. Jana msimamizi wa jengo aliyatupa makopo yote jalalani. “Ngazini si shambani, mama!” Na baiskeli yake mbovu, iliyoziba ngazi hizohizo mwaka mzima, je, hiyo ni pambo? Fundi alifukua jalala kwa vidole vyake vyembamba mpaka akapata mche mmoja mzima ndani ya kopo lake. Akaupima. Akalipachika kopo kwenye kikapu cha baiskeli ile, msimamizi mwenyewe akimtazama, akatoa pini midomoni na kusema kwa sauti ya chini kabisa: “Haya, baba. Tupa na baiskeli.”