Maili Tisini kwa Kifurushi cha Samaki

Kutoka kijiji cha Olinka hadi kijiji cha dada yake Matrona ni maili tisini kwa ndege, na milima katikati. Barabara hakuna, Alaska ya huko haijui barabara. Olinka anazijua maili hizo vizuri, maana kwa miaka ishirini na sita ndiye anayeipokea ndege ya mizigo kwenye uwanja wa changarawe, akipima maboksi na kuyapakia. Ikiruka hapo inakwenda moja kwa moja kwa Matrona. Dakika arobaini.

Jumatatu mpwa wake Feodora, binti wa Matrona, alipiga simu. "Mama mdogo, njoo. Mama hali chakula tena, na macho ndiyo hayaoni kabisa. Anakutaja wewe tu."

Olinka akafunga samaki wa kukausha, akamfuata rubani Dale uwanjani.

"Leo unanipakia na mimi. Ratili mia moja arobaini, nimejipima kwenye mizani yako."

"Bibi Olinka, usinitafutie balaa. Hii ni ya mizigo. Nikibeba mtu, leseni yangu imekwenda."

"Na hizo soda ulizobeba zinakwenda kumuuguza nani?"

Dale akainamisha kichwa. "Samaki nitawafikisha."

Olinka akampa samaki, pamoja na tusi la Kiyupik, lugha ya kwao, ambalo ni heri hakulielewa.

Yeye akashika njia ya abiria: ndege hadi mji wa mtoni, nyingine hadi jiji kubwa, kisha ya tatu ya kurudi upande uleule alikotoka, hadi kwa Matrona. Maili mia tisa kwenda kwa jirani! Upumbavu mtupu. Ukungu ukamkalisha siku mbili kwenye benchi. Binti wa kaunta akatazama ramani, akacheka. "Mbona ni karibu, mama? Hamna gari huko?" Olinka akamkazia macho mpaka kicheko kikamkauka.

Alifika Alhamisi. Feodora alikuwa uwanjani, macho yamevimba.

"Lini?"

"Katutoka jana jioni."

"Samaki walifika?"

"Jumatatu ileile." Feodora akasita. "Mama aliwapapasa, akaujua mkato wako. Akasema, 'Olinka amekuja.'"

Katika ukoo wao samaki wa mgonjwa hatumwi. Aliyemkata humleta kwa mkono wake na kumlisha. Olinka alilijua hilo tangu utotoni, na kwa hasira za Jumatatu akalisahau.

"Nikamwambia, mama, ni kifurushi tu, kaleta Dale. Akaniita mwongo. Siku mbili uso ameuelekeza mlangoni. 'Mbona haingii? Mwambie aache kununa, aingie.'"

Nyuma yao Dale alikuwa ametua, anashusha soda. Olinka akamwendea, akalishika boksi la juu akalibwaga kwenye changarawe, makopo yakapasuka.

"Sikununa," Olinka akamwambia. "Nenda kamwambie dada yangu sikununa. Wewe ndiye unayefika."