Kioo cha Jikoni na Nyimbo za Kikorea

Enzi zetu kule Mbozi, mtoto kujisifu ilikuwa sawa na kuiba sukari. Nyumbani tulikuwa na kipande kimoja cha kioo, kimechomekwa kwenye ukuta wa jiko, baba akinyolea ndevu. Sisi wasichana tulijichungulia kwa wizi kabla ya shule, mafuta ya mgando yanang'aa usoni, vidole bado vinanata kwa kuchuma kahawa. Mama alijua tu, hata akiwa nje. "We Tumaini, unajiangalia nani akuone? Kuni zimeisha."

Mgeni akikusifu, mama alimkatiza. "Huyu? Mvivu huyu, hata ugali hajui kusonga." Ndiyo ilikuwa adabu, mwanao akisifiwa lazima umshushe kidogo. Unasimama na sinia la viazi, macho chini, aibu imekujaa. Halafu jioni unakuta amekubakizia ukoko wote peke yako. Upendo wake ulipitia huko, mdomoni haukuwahi kufika.

Binti yangu Neema amekulia hapa Tunduma, malori ya Zambia yakiunguruma dirishani, na yeye anaimba Kikorea. Salamu ya Kinyiha, lugha ya kwetu, hajui. Kabla hajanawa uso ameshajipiga picha za kutosha harusi nzima. Siku moja nilimuuliza wale waimbaji wake wa Korea, vijana wenye nywele za rangi ya machungwa, wanalilia nini.

"Wanasema ujipende mwenyewe, mama, hata kama hakuna aliyewahi kukwambia unafaa."

Nilicheka, nikamtuma akaoshe vyombo. Lakini maneno yale yalinikaa.

Sasa Neema yuko chuo Dodoma. Baba yake alishatangulia mbele za haki, na mama yangu tulimzika mwaka juzi. Nikitoka kuuza vitenge nafungulia zile nyimbo kwenye simu, nyumba ipate sauti ya mtu. Upweke unaniumiza, sifichi.

Jumapili iliyopita, nimeshavaa kwenda kanisani, nilisimama mbele ya kioo cha kabati, kile kinachokuonyesha mpaka viatu. Nikajaribu kusema kama wale vijana. "Najipenda." Nikageuka haraka kuangalia mlangoni, nikingoja kukaripiwa.

Hapakuwa na mtu. Enzi zile kioo kilienea kiganjani, na sikuwahi kumaliza kuchana nywele kabla sijaitwa. Siku hizi najiangalia mpaka nachoka, na hakuna wa kuniambia kuni zimeisha.