Mkono wa kulia wa Esnah uko likizo

Saa mbili asubuhi, Esnah Nyangate ameketi kwenye kigoda mbele ya karai la maji, ndani ya banda la vinyago huko Tabaka, kaunti ya Kisii. Amebana kiboko wa jiwe katikati ya magoti, mdogo kama ngumi, na anamsugua kwa msasa. Anatumia mkono wa kushoto. Wa kulia umelala mapajani, umefungwa kwa leso.

"Mama Mose ameupa mkono likizo," anasema Joyline, mwenzake wa karai la pili, akimwita Esnah kwa jina la mwanawe. "Sisi wengine hata chai hatupewi."

Esnah anacheka. Kisha anatua na kukunjua kidole gumba cha kushoto. Kimeanza kuuma.

Ana miaka arobaini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia hapa. Wanaume huchonga, wanawake hupiga msasa, raundi tatu kwa kila kinyago, mpaka jiwe liteleze. Kiboko mmoja humpa shilingi kumi na tano.

Mwaka jana kano za kiwiko chake cha kulia ziligoma. Alishindwa kufungua mfuniko wa jerikeni. Alishindwa hata kusonga obokima, ugali wa nyumbani. Mume wake, Mogire, akashika mwiko, na majirani wakapata la kusema.

Dawa za kupaka hazikusaidia. Aliuza mtamba wake wa pekee, akaenda kliniki ya kibinafsi mjini Kisii. Alitolewa damu, ikazungushwa kwa mashine hadi yakajitenga majimaji ya manjano, yenye chembe nyingi zinazosaidia kidonda kupona. Akadungwa majimaji hayo palepale kwenye kiwiko.

"Nilidhani wataniwekea dawa ya ng'ambo," anasema. "Kumbe ni damu yangu wananirudishia, na nimeuza ng'ombe."

Daktari hakumwahidi kupona. Alimweleza kwamba wapo wanaopata nafuu na wapo wasioipata. Ila alimpa masharti: asimeze ovyo vidonge vya maumivu, na asiuchoshe mkono kwa wiki sita.

Mwenye banda, Omwenga, alimpa wiki mbili.

"Simchukii," anasema Omwenga. "Lakini nina oda ya viboko elfu moja mia mbili, na pale nje kuna wanawake wanaotaka hilo karai. Oda haijui kiwiko."

Kwa hiyo wiki ya tatu Esnah alirudi. Alimpigia daktari simu kumweleza kwamba hajavunja sharti.

"Nilimwambia, wewe ulisema nipumzishe mkono wa kulia, na umepumzika. Akauliza, 'Na wa kushoto ukiharibika, mama?' Nikamwambia sina ng'ombe mwingine."

Sindano inaonekana kumfaa. Juzi alifungua jerikeni kwa mkono wa kulia bila maumivu, akaufunga mfuniko na kuufungua tena, kuhakikisha. Hakumwambia mtu siku hiyo.

Ameonywa kwamba akirudia kazi ileile kwa namna ileile, maumivu yanaweza kurudi. Aliomba ahamishiwe kupaka nta, kazi iliyo nyepesi zaidi. Omwenga alimjibu kwamba nta ina watu wake. Na nyumbani hana shamba la kumlisha, ana migomba michache tu nyuma ya jiko.

Wiki sita zinaisha Jumapili hii.

"Jumatatu wanabadilishana," anasema Esnah, akitazama mikono yake kama watoto wawili waliogombana. "Huyu wa kushoto naye apumzike."

Joyline anacheka peke yake. Esnah anamtumbukiza kiboko majini, anamgeuza, anaanza kumsugua tumbo.

Kabla ya Jumatatu ana mpango mmoja. Jumamosi ni Sabato, hatagusa kazi. Jumapili Mogire hatashika mwiko.

"Nitasonga obokima mwenyewe, ile sufuria kubwa," anasema. "Huu mkono ufanye kazi ya nyumba yangu siku moja, ukiwa mzima. Kuanzia Jumatatu ni wa Omwenga."