Pipi Moja kwa Kila Neno

Kitunguu saumu kikichemka ndani ya siki: harufu hiyo ikipanda ngazi za jengo ninamofanyia kazi hapa Shumaisi, Riyadh, hunirudisha Jeddah, mtaa wa Nuzha, nikiwa na miaka minane na ulimi wa dalali. Baba alikuwa fundi wa mashine za hospitali huko. Jirani yetu alikuwa na yaya Mfilipino aliyependa kupika hivyo, nasi watoto tulimwita Tita, yaani shangazi kwa lugha ya kwao.

Msinicheke, lakini urafiki wetu ulikuwa wa mapatano: kila neno la Kitagalogi nililolishika, pipi moja. Sapatos, viatu. Kutsara, kijiko. Bintana, dirisha. Pipi nilizihesabu mara mbili, mbele yake na tena nyuma ya mlango. Tulipofika mesa, meza, akagoma kulipa. Hilo, alisema, nilikuwa nalo tayari katika Kiswahili changu.

Nikaenda kwa Baba kutafuta ushahidi. Akanieleza, kwa uchovu wa mtu aliyetoka zamu, kwamba meza yetu tuliachiwa na Mreno, na ya kwao waliachiwa na Mhispania aliyewatawala, pamoja na viatu, kijiko na dirisha. Nilirudi mbio. Maduka mawili tofauti, nikamwambia Tita, kwa hiyo alipe.

"Na hata hilo Tita si lenu. La Mhispania pia."

Alikuwa akikunja shuka. Akamaliza kwanza.

"Aliyelileta alishakwenda zake, habibti," akasema kwa Kiarabu chetu cha kuungaunga. "Sasa ni la anayeniita."

Akalipa.

Kwao alikuwa na binti wa rika langu, aliyekuwa ameacha kuja kwenye simu. Hayo nilimsikia Mama akimsimulia Baba, nikayaweka kando kwa kuwa hayakuwa na bei.

Kafili wake, yule jirani aliyemwajiri, alipohamia Riyadh, akaondoka naye. Asubuhi ya safari aliniomba nimwite mara moja tu, kwa sauti, gari likitoka. Nikamwuliza ngapi. Akanipa mbili. Nikahesabu, nikaita.

Leo nami nalea watoto wa madam, na mwanangu yuko Mombasa kwa Mama. Ijumaa iliyopita nilimsikia, mbali na simu, akimwuliza bibi yake akija kuongea nami atapewa nini. Mimi ambaye hata nyanya sizinunui bila kubishana, nilimwambia Mama ampe anachotaka, upesi, asije akabadili nia. Nilipokuwa nikisubiri, simu sikioni, ndipo nilipoelewa Tita alikuwa akinunua nini, na jinsi nilivyompunja.