Wageni Walioondoka Bila Kula

Taarifa ya msiba ilinikuta sokoni hapa Singida Mjini, nikibishana na muuza dagaa ambaye kopo lake la kupimia linazidi kubonyea kila wiki. Simu ikaita. Alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama wa kijiji kimoja nje kidogo ya Kintinku, kule Manyoni, mama asiyepiga simu ovyo. "Mwenyekiti wetu ametutoka alfajiri," akasema, na sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. "Tunazika kesho mchana. Uje. Na usile njiani, mwenyewe ameagiza." Nikampa pole, nikamwambia nitafika, nikalipa dagaa kwa bei ya muuzaji bila neno. Akanitazama kwa mashaka, maana hajazoea kunishinda kirahisi hivyo. Mimi nilikuwa nimeshikwa na lile agizo. Ni mtu gani anayekata roho huku akiwaza kama wageni wa mazishi yake watakuja wameshiba? Nilimjua mmoja tu, na ndiye huyo aliyefariki.

Wasomaji wa safu hii mnanijua, mimi si mtu wa kuandika tanzia. Wanaoondoka wakiwa na majina makubwa wana watu wao wa kuwaandika. Mwenyekiti hakuwa na jina kubwa nje ya kata yao, na sisi wawili hatukuwa ndugu wala marafiki wa kutembeleana. Kazi ndiyo iliyotukutanisha. Alikuja nyumbani kwangu Mandewa miaka michache iliyopita, yeye na katibu wake, wamebeba jogoo mweupe aliyefungwa miguu kwa kitambaa. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa, akauliza habari za kila mtu wa nyumba ile pamoja na wale asiowajua, ndipo akasema kilichomleta. Serikali ilikuwa imetangaza ruzuku kwa vikundi vyenye miradi ya kuwasogezea watu chakula, na kijijini wameambiwa wapeleke andiko la mradi. Mtu fulani alimwambia kuwa mjini yuko mtu anayeandika magazetini. "Kama watu wa nchi nzima wanakusoma wanakuelewa," akasema, "serikali nayo itakuelewa." Sikuwa na moyo wa kumwambia kuwa hayo ni mambo mawili tofauti.

Mradi wenyewe ulikuwa rahisi kueleza. Kule kwao, mvua ikikataa au hata ikikubali, miezi mibaya ni ile ya katikati, shamba likiwa la kijani na ghala likiwa tupu. Ndipo watu wanapokwenda kuhemea: unamfunga mbuzi kamba, unakwenda naye mbali kwa waliovuna, unarudi na nafaka kidogo kichwani, na unajua kabisa kuwa mbuzi amekwenda kwa bei ya kutupa. Wazee wasio na mbuzi wala miguu ya safari hukaa tu. Akina mama wakaamua wajenge ghala lao, wanunue uwele na mtama wakati wa mavuno bei ikiwa chini, kisha wakopeshane miezi ile mibaya na kurudishiana kwa nafaka. Mzee asiyejiweza apewe bure. Walikwisha kufyatua matofali na kuyachoma, wakapandisha boma mpaka kwenye linta. Nguvu zikaishia hapo. Walihitaji bati, sakafu na nafaka ya kuanzia.

Tukakaa kuandika, na ugomvi wetu wa kwanza ukaja pale pa kueleza hali ya jamii. Nilikuwa nimeandika kuwa miezi fulani watu wa kijiji wanalala njaa. Nilipomsomea akainua mkono. "Hapo futa."

"Kwani si kweli, mama?"

"Ni kweli. Ndiyo maana nasema ufute. Utasemaje mbele ya serikali kwamba fulani na mkewe wamelala njaa? Wale ni watu wazima, mwanangu. Wana wakwe zao. Andika kwamba tunapungukiwa."

Nikamweleza kuwa ofisini yanapokelewa maandiko mengi, na aliyepungukiwa hamshindi mwenye njaa. Katibu alicheka, yeye hakucheka. Mwisho tukakubaliana nusu kwa nusu: njaa ikaandikwa, lakini si ya mtu, ikawa njaa ya "baadhi ya maeneo", utadhani ni ardhi ndiyo haijala. Ilikuwa sentensi mbovu, ila ndiyo pekee aliyokubali kuitia sahihi.

Andiko likapita mchujo wa kwanza. Wakaguzi wakatuma salamu kwamba watafika kijijini kuona hali halisi, nami nikaalikwa. Ulikuwa ndiyo mwezi mbaya wenyewe. Nilitegemea tutaoneshwa boma, tutasikia wazee wawili watatu wakieleza, tuagane. Nilichokikuta ni harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Viti vimepangwa chini ya turubai, na kwenye masufuria kuna wali, kuku wa kuchemsha na wa kukaanga, na mchuzi unaoelea mafuta. Soda zimelazwa kwenye beseni la maji zipoe. Kila nyumba ilikuwa imetoa kitu. Mchele ulikopwa dukani Kintinku. Mtetea mmoja, niliambiwa baadaye, alitoka kwa bibi anayeishi peke yake karibu na boma, yule yule tuliyemweleza kwenye andiko kama mtu wa kwanza atakayepewa nafaka bure. Alikuwa na huyo tu. Kiongozi wa wakaguzi, afisa wa makamo mwenye adabu zake na mgeni mkoani, alikula akashiba, akawasifu kuku wa Singida kama wanavyowasifu wote wanaofika huku. Watoto walikuwa wamefukuzwa wakasimame mbali wasiwatazame wageni midomoni. Mwenyekiti alizunguka na jagi la maji ya kunawa, uso unang'aa. "Ongezeni, wanangu, ongezeni. Hapa ni kwenu."

Ruzuku ikakataliwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba hali ya chakula kijijini inaridhisha. Mvua zilizofuata zikalikuta boma halina paa, na ukuta wa upande mmoja ukaanguka. Bibi wa mtetea aliuvuka mwaka ule kwa kupikiwa na majirani ambao nao walikuwa wanapunguza unga kwenye sufuria zao.

Nilikasirika sana, na kilichonikera zaidi ni kutojua nimkasirikie nani. Yule afisa hakudanganya. Aliandika alichokiona, tena alichokionja. Akina mama nao hawakudanganya. Huku kwetu mgeni hapimwi kwa kilichomo ndani; akifika, kilichomo ndani kinatoka, na kama hakimo kinaazimwa kwa jirani. Hakuna anayekaa chini kuamua hivyo, mikono inakwenda yenyewe. Tatizo ni kwamba siku hizi mgeni anaweza kuwa amekuja na karatasi ya kupima upungufu wako, na wewe unamficha upungufu huo kwa heshima zote. Zamani anayekusaidia alikuwa jirani. Alijua bila kuambiwa kuwa moshi wa kwako umepungua, akamtuma mtoto na kibakuli kilichofunikwa, na wala hamkulizungumza. Serikali haina namna ya kujua hivyo. Inatoka mbali, inabidi iambiwe na ioneshwe, na sisi tumelelewa kutoonesha. Nimewahi kusikia watu mjini wakisema vijiji vyetu vinakosa misaada kwa sababu havijui kuandika maandiko. Kuandika kunafundishika. Kumfundisha mama wa Kigogo amwache mgeni akae na mate makavu mdomoni, hiyo ndiyo kazi.

Mwaka uliofuata tangazo likatoka tena. Andiko tukalirekebisha, safari hii njaa ikaandikwa kwa jina lake, na Mwenyekiti akatia sahihi akiwa ameangalia pembeni. Ziara ilipopangwa, akina mama wakakutana mbele ya ule ukuta walioujenga upya, nami nilikuwepo. Katibu ndiye aliyelianza.

"Safari hii hakuna kupika. Wakija ni maji ya kunywa, basi."

"Mtu atoke mbali, afike kwangu saa sita ya jua, nimwangalie tu?" Mwenyekiti akauliza.

"Umwangalie tu. Mwaka jana tulikula ghala letu."

"Hatukula sisi. Walikula wao."

"Basi ndiyo vibaya zaidi, mama!"

Bibi wa mtetea alikuwa amekaa kwenye tofali, anachora chini kwa kijiti. Mwenyekiti akamtazama huyo bibi kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nikiwepo nitapika. Najijua. Nitawaahidi sipiki, halafu nitasikia gari linaguna huko barabarani, nitajikuta nimeshainjika maji. Siku hiyo niondoeni." Na ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi ya ziara alipanda basi kwenda Manyoni, ufunguo wa jiko lake ameufunga kwenye pindo la khanga, ili hata binti zake wasipate pa kuanzia.

Sijawahi kuhudhuria kikao kigumu kama kile. Wakaguzi walipewa maji na viti. Afisa ni yule yule. Aliuliza alipo Mwenyekiti, katibu akajibu kwamba amepata dharura. Wakaoneshwa boma, wakaingia nyumba tatu nne, wakakuta masufuria matupu yamepinduliwa kifudifudi. Bibi alipoulizwa amekula nini jana alisema, "Uji," na alipoulizwa na juzi akageuza uso. Afisa akaacha kuuliza. Wakati gari linaondoka, mama mmoja alijifunika khanga usoni akalia, na kilio chenyewe hakikuwa cha njaa. Aliona aibu kwamba wageni wameondoka kijijini kwao hivi hivi, bila kula.

Ruzuku ikatoka. Bati zikapanda, nafaka ikanunuliwa, na tangu hapo miezi mibaya imepita mara kadhaa bila bibi yule kupikiwa na majirani wanaojipunguzia. Wanaokwenda kuhemea bado wapo, lakini si wengi kama zamani. Kila nilipompigia Mwenyekiti kumsalimu, nilitaka tuongee habari za ghala. Yeye alikuwa na swali lake. "Yule kijana wa serikali hajarudi?" Nikamwambia amehamishiwa wilaya nyingine. "Mwambie aje. Aliondoka kwangu hajala." Nilidhani ni utani wake. Mara nyingine nilimjibu kwa utani pia, nikamwambia mtu huyo amekwisha kula mara nyingi tangu siku ile.

Nilifika msibani jana nikiwa sijala kitu, kama nilivyoagizwa. Tulizika. Tuliporudi kutoka makaburini nikamwona mtu anashuka kwenye bodaboda, suruali nyekundu kwa vumbi mpaka magotini. Alikuwa yule afisa. Katibu alimtafuta kwa simu tangu alfajiri ile, naye akaomba ruhusa kazini akaja. Hawakumpeleka kwenye viti vya viongozi. Walimkalisha kwenye mkeka uliotandikwa mlangoni mwa jiko la marehemu, mlango uko wazi, na binti mkubwa akaja na maji ya kumnawisha, akapiga goti. Chakula kilikuwa ugali wa uwele wa kwenye ghala, mlenda, na kuku.

"Mama alisema ulikuja mara ya pili ukaondoka hujala," binti akamwambia. "Akasema siku ya kumzika deni hilo lilipwe. Karibu."

Afisa akamega tonge, akalishika. "Ile siku alikuwa na dharura kweli?"

"Alikuwa stendi ya Manyoni. Alikaa kwenye benchi moja tangu asubuhi mpaka tulipompigia kuwa mmeondoka. Shangazi anaishi jirani na pale, alimfuata waende nyumbani akale, akagoma. Akasema, wageni wangu hawali, mimi nitakulaje?"

Hilo sikuwahi kulijua. Miaka yote hiyo ananiuliza swali lile lile, nami namjibu kwa utani. Yule mtu mzima alikula akiwa na machozi, akala mpaka sahani ikaisha, na akina mama waliosimama jikoni hawakuondoa macho kwake mpaka aliponawa. Nilipoletewa sahani yangu nikala kila kilichokuwamo.

Najua wasomaji wangu wengine mpo kwenye ofisi zinazotoa ruzuku hizi, na mnafanya kazi hiyo kwa nia njema. Endeleeni kwenda vijijini, na mkikaribishwa, kuleni, msiwavunjie watu heshima. Lakini kabla hamjaandika kuwa hali inaridhisha, ulizeni kuku huyo ametoka kwenye banda la nani, na mwenye banda amebaki na nini.